Sufuria ya Mama Mdogo

Nikiulizwa nilianzaje kuandika, hujibu kwamba nilianza kwa kutoboa sufuria. Watu hucheka wakidhani ni fumbo. Si fumbo. Ilikuwa sufuria ya kweli, ya alumini, yenye masikio mawili, pana kiasi cha kumwogeshea mtoto wa miaka minne, na ilikuwa mali ya Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo wangu, Magomeni Mapipa, Dar es Salaam.

Ukisoma wasifu wa waandishi utakuta kazi walizopitia zimepangwa kama nishani. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Muhammed Said Abdulla, kabla ya kumtuma Bwana Msa kupeleleza, alikuwa bwana afya Unguja. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali kule Uingereza. Msomaji huguna kwa heshima: kumbe mtu huyu ameiona dunia! Hakuna anayeuliza, huyo mwenye kuiona dunia, jioni alikuwa anarudi kwa nani, anakula ugali wa nani, na ameharibu nini. Mimi kazi zangu zote nilizifanya nikilala kwenye mkeka, ukumbini kwa Baba Mdogo, na karibu kila moja iliondoka na kitu cha nyumba ile.

Nilishuka Dar mwanzoni mwa 1983 nikitokea Muheza. Matokeo yangu ya kidato cha nne mama aliyakunja mara nne akayaweka chini ya godoro, kana kwamba yakipigwa jua yatazaana. Baba Mdogo alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma. Alikuwa na Kaunda suti mbili, ya kijivu na ya kahawia, na redio moja, na alikuwa Simba wa damu. Mama Mdogo alikaanga vitumbua kila alfajiri mlangoni. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya sabini, na bado alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikitikisika. Kwa kuwa kuandika kulimchosha, daftari la madeni ya vitumbua alinikabidhi mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya uandishi, na msomaji wangu alikuwa mmoja, mkali, mwenye kujua kila deni.

Waliokuwa watu wazima mwaka ule hawahitaji kuelezwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yalikuwa ghali, na bidhaa dukani zilikuwa hadithi. Ukiona mgongo wa mtu barabarani unasimama nyuma yake kwanza, halafu ndiyo unauliza kinauzwa nini. Usiku foleni zilipangwa kwa mawe, matofali na vikapu vibovu, kila jiwe na mwenyewe. Hata unga tuliopata ulikuwa ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao mji mzima uliuita Yanga kwa sababu ya rangi yake. Baba Mdogo aliula kwa kuwa njaa haina timu, lakini aliula akiutazama ukuta.

Basi nikaanza kazi ya kuwapangia watu foleni kwa malipo. Nilikuwa na mawe saba mtaa mmoja na manne mtaa wa pili, na asubuhi nilikimbia baina yake kama mchungaji. Siku moja Baba Mdogo akanipa pesa za sukari. Nilisimama tangu saa kumi alfajiri hadi saa nane mchana, na nilipofika dirishani sukari ilikuwa imekwisha, wanatoa dawa ya viatu. Nani angeondoka mikono mitupu baada ya saa kumi za kusimama? Nikanunua makopo kumi na mawili ya rangi nyeusi. Nyumba nzima ilikuwa inavaa ndala.

Mama Mdogo hakusema kitu. Aliyapanga makopo yale juu ya kabati, na kwa miezi mingi mgeni aliyekosa sukari kwenye chai alionyeshwa kidole kabatini.

Kosa la sufuria lilitokana na sabuni. Sabuni ilikuwa imeadimika hadi watu wanafulia majani ya mpapai, na jamaa mmoja wa Manzese alikuwa anapika ya kienyeji kwa mafuta ya nazi na kostiki, anauza kabla haijapoa. Nikajiunga naye wiki mbili, nikajiona nimehitimu. Alinifundisha vipimo, namna ya kukoroga upande mmoja bila kugeuza, na namna ya kumwaga kwenye sanduku la mbao lililotandikwa nailoni. Alisahau kunieleza jambo moja, au alilieleza siku niliyochelewa: kostiki na alumini hazikai pamoja. Kostiki huchanganywa kwenye chuma, plastiki au chombo cha udongo. Ukiimimina kwenye alumini, inaila.

Mama Mdogo alikuwa ameenda msibani Ilala. Nikaiteremsha sufuria kubwa, ile iliyopikia pilau ya harusi yake mwenyewe na ambayo mtaa mzima uliiazima kila penye shughuli, nikatia maji, nikatia kostiki. Ikaanza kuchemka bila moto. Nilifurahi, nikadhani ndiyo ubora wenyewe. Kisha povu likageuka jeusi, mvuke ukanichoma pua na macho, na kuku wote wakahama ua kwa hiari yao. Nilipoweza kufumbua macho, maji yalikuwa yanapita chini ya sufuria kwenda kwenye mwarobaini. Kitako kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nilihamishia mchanganyiko uliobaki kwenye ndoo ya plastiki, nikaongeza mafuta kwa kukisia, nikapata vipande ishirini. Sabuni ya namna ile huachwa wiki nne hivi ikomae na kupoza ukali. Mimi niliipa tangu saa mbili za asubuhi hadi saa mbili za usiku, nikaiuza. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, askari mgambo, mtu nadhifu sana. Alifulia gwanda lake. Gwanda likatoka na mabaka meupe kama ramani ya visiwa, na viganja vyake vikabambuka.

Jioni ile ua ulijaa. Mama Mdogo alirudi msibani amejifunga kanga ya huzuni, akakuta msiba mwingine. Aliinyanyua sufuria, akaitazama mbingu kupitia kwenye lile tundu, akairudisha chini taratibu. Baba Mdogo akasimama mbele ya wapangaji wote akatangaza: "Sufuria hii italipwa na aliyeila!" Kisha akamgeukia yule mgambo akamwambia maneno ambayo hakupaswa kumwambia, kwamba gwanda la mgambo si suti ya waziri. Tangu siku ile wawili wale hawakuamkiana.

Ugomvi huo ulikuja wakati mbaya. Mwaka huo huo wa 1983 ilipita sheria ya nguvu kazi. Kila mwenye nguvu alitakiwa aonyeshe kazi yake, na wasio na kazi mjini walikamatwa wakapelekwa vijijini na mashambani kulima. Mgambo ndio waliokuwa njiani wakiuliza vitambulisho, na mmoja wao alilala ukuta mmoja na mimi, viganja vikimwasha. Kila alfajiri aliniuliza swali lile lile, kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele: "Bwana mdogo, hivi wewe kazi yako wapi?"

Nilipata dawa. Nilibeba faili kubwa kuukuu kwapani, nikatembea haraka, nikakunja uso. Mtu mwenye faili na uso uliokunjwa hakuna aliyemsimamisha Dar es Salaam nzima. Ndani ya faili mlikuwa na karatasi tupu, na kwa kuwa nilikuwa natembea kutwa bila pa kwenda, nikaanza kuzijaza: majina ya mitaa, matusi ya makondakta, bei, maneno ya watu kwenye foleni. Mama yangu kule Muheza alipopata habari ya sheria ile aliandikisha barua kuuliza kama wakinikamata watanirudisha bure, maana yeye nauli hana.

Kuna wiki tatu nilikuwa utingo kwenye moja ya magari ya watu binafsi yaliyoanza kubeba abiria mwaka ule kwa dala, yaani shilingi tano, jina lililozaa daladala. Sina la kusema juu ya wiki hizo ila kwamba Mama Mdogo alipanda siku moja na trei ya mayai, dereva akafunga breki.

Redio ndiyo inayoniuma hadi leo. Fundi mmoja wa redio alinipokea kama mwanafunzi mwanzoni mwa 1984, akaniandikia na barua ya kumwonyesha mgambo. Kwa furaha ya kuwa na kazi halali nikataka kuipa nyumba shukrani. Redio ya Baba Mdogo ilikuwa haina ubovu wowote. Niliifungua ili niipanguse vumbi tu. Nilipoifunga zilibaki skrubu tatu na kidude kimoja chekundu, na mle ndani mkawa kimya. Baba Mdogo aliipiga ubavuni, akaibembeleza, akaiweka juani. Kimya. Nikaahidi kuitengeneza kesho, na kesho yake, hadi fundi wangu alipofunga duka akarudi kwao.

Ndivyo ilivyotokea kwamba Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984, jioni, nyumba ile ilikuwa na redio moja tu inayosema, nayo ilikuwa ya mgambo. Tuliona watu mtaani wanasimama kwa makundi wakishika vichwa. Waziri Mkuu Sokoine alikuwa amefariki katika ajali ya gari, karibu na Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma. Mgambo alisikia minong'ono uani. Akalifungua dirisha la chumba chake, akaigeuza redio ikatazama nje, akapandisha sauti. Baba Mdogo alisimama kidogo mlangoni na ile suti yake ya kijivu. Halafu akavuta kigoda, akaenda akakaa chini ya dirisha lile. Sauti ya Mwalimu ilipotoka hakuna aliyekohoa. Usiku, mgambo akapitisha mkono dirishani akatoa sigara moja. Baba Mdogo hakuwa mvutaji, aliipokea, akaivuta hadi mwisho akikohoa. Asubuhi yake waliamkiana.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mwarobaini na faili langu. Sikuandika chochote.

Kazi iliyonifaa ilikuja baada ya hapo. Nikaweka meza ndogo na kiti chini ya mkungu, njia ya kwenda Kariakoo, nikawa mwandishi wa barua. Maombi ya kazi, barua za kuomba radhi, za kudai mahari, za kumwarifu mzee kijijini kwamba ng'ombe asiuzwe. Nilijifunza kwamba mtu hukaa kitini akakueleza mambo kwa nusu saa, na shida yenyewe ni sentensi moja anayoisema akishasimama kuondoka. Nilijifunza pia kurembesha, na urembo ukanilewesha. Mtu akisema "mwambie nimemkumbuka," mimi niliandika ukurasa. Wateja wasiojua kusoma waliutazama wingi wa wino wakaridhika.

Mwishoni mwa Aprili 1985 alikuja mama mmoja wa Temeke, mfanyabiashara, mnene, mwenye haraka. Alikuwa anakwenda Mombasa kufuata bidhaa kupitia Horohoro, maana mpaka wa Kenya uliofungwa 1977 ulikuwa umefunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Hakukaa hata kitini. "Andika kwa Bwana Stoo," alisema. "Mwambie kitu chake kipo. Watu wanakitaka. Asipokuja mwisho wa mwezi ujao nampa mwingine. Basi."

Nikamtazama. Nikajisemea, hapa pana mambo. Dar ilikuwa na stoo elfu na mabwana stoo elfu, sikuwa na sababu ya kumfikiria yeyote. Nilichofikiria ni kwamba mwanamke huyu ana maumivu na hana maneno, na maneno ninayo mimi. Nikaandika hivi:

"Kwa Bwana Stoo, usiyesahaulika. Ama baada ya salamu nyingi kuliko mchanga wa pwani, dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba tangu mwezi wa pili hujatia mguu kwangu. Kitu chako kipo, kisafi, nakipangusa kila Ijumaa, na kila nikikipangusa nakukumbuka wewe. Wengi wanapita wakikitamani, nami nawazuia kwa ajili yako. Lakini subira ina mwisho. Usipofika mwezi ujao nitampa mwingine, na machozi yatakuwa yako."

Alilipa, akaikunja, akampa kijana aipeleke. Mimi nikabaki najisifu kwa ile Ijumaa. Niliitoa kichwani.

Jumamosi iliyofuata Mama Mdogo alikuwa anafua. Desturi yake ilikuwa kukagua mifuko, kwa sababu mara mbili aliwahi kufua noti. Katika suti ya kahawia akakuta karatasi. Akakaa kwenye kigoda, akaweka kidole. Alisoma kwa muda wa saa nzima. Yalikuwa maandishi marefu kuliko yote aliyowahi kuyasoma peke yake hadi mwisho, na siku nyingine ningejivunia. Alipomaliza hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na daftari la vitumbua, akaliweka karibu na barua. Herufi yangu ya "g" ina mkia kama wa nge. Ilikuwa imejaa kwenye daftari na imejaa kwenye barua.

Akaniita. "Huu mkono wa nani?"

"Wangu, Mama Mdogo."

"Kitu gani hicho kinachopanguswa kila Ijumaa?"

Kwa mara ya kwanza nikaona sijui. "Sikuuliza," nilisema.

"Umeandika ukurasa mzima," alisema, "juu ya kitu usichokiuliza?"

Siku tatu hapakuwa na vitumbua, na mtaa ukajua. Baba Mdogo, badala ya kueleza, alinuna. Alisema mtu mzima hahojiwi kwa karatasi. Kumbe hofu yake ilikuwa nyingine. Shangazi aliletwa kutoka Muheza kwa basi, na Shangazi akiletwa ujue shauri limefika mahakama ya rufaa. Mgambo, ambaye sasa alikuwa mtu wetu, alitumwa Temeke kumwita yule mama.

Akaja Jumapili alasiri, jasho likimtoka, na mzigo umefungwa kwa kanga kichwani. Hakusalimia zaidi ya "hodi". Akautua mzigo katikati ya ua, akaufungua. Ilikuwa sufuria. Masikio mawili, pana, inang'aa.

"Kitu chake hicho," alisema. "Malipo mafungu saba, amelipa matatu. Mimi nakaa nayo hadi amalize. Kuna kosa?"

Baba Mdogo aliyeapa hadharani kwamba sufuria italipwa na aliyeila alikuwa anailipa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa siri, akitaka imfikie mkewe siku ya Idi. Na alikuwa bado na woga wa 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipotupa mali usiku kwa kuogopa kuulizwa risiti. Sufuria mpya isiyo na risiti, karani wa stoo angeanzaje kuieleza?

Shangazi akataka barua isomwe. Nikaisoma nimesimama, mbele ya watu kumi na tano. Nilipofika kwenye Ijumaa sauti ilinikauka. Yule mama wa Temeke alinisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono kama anayedai chenji.

"Hayo ya kukumbuka na ya machozi mimi sikuyasema. Nilikulipa uandike yangu. Hayo yako ungeyaandika kwa pesa yako."

Baadaye wahariri kadhaa wamenikata maandishi, na hakuna aliyenikata hivyo. Shangazi akatoa hukumu palepale: mafungu manne yaliyobaki nitayalipa mimi. Baba Mdogo akaitazama ardhi. Mama Mdogo aliinuka, akaigonga sufuria kitako kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kwa mlio.

"Nyepesi kuliko yangu," alisema, akaibeba ndani. Alfajiri ya kesho yake tulisikia mafuta yanachacharika.

Nilirudi chini ya mkungu. Kuanzia wiki ile nilimsomea kila mteja barua yake kabla ya kuitia kwenye bahasha, na wengi waliniambia futa hapa, futa na hapa. Bei nikapunguza kwa kuwa barua zilikuwa fupi. Wateja waliongezeka. Fungu la mwisho la sufuria nililipa Novemba 1985, mwezi ambao Mwalimu alimkabidhi nchi Mzee Mwinyi. Habari hiyo nayo tuliisikilizia dirishani kwa mgambo. Redio ya Baba Mdogo haikupona.